Mwalimu kauliza: nimepoteza wito au sikuwahi kuwa nao?

Swali nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Shikamoo madam. Mi ni mwalimu wa sekondari ya kata, miaka 34, mwaka wa tisa kazini, nafundisha Kemia na Baiolojia. Fomu wani nina mikondo miwili, A ina watoto 91 na B 94. Zamani niliipenda hii kazi kweli, sa hivi naingia darasani kama mtu anayeenda kulipa deni. Hawa watoto hawataki kusoma, unauliza swali darasa zima kimya, wanakutazama tu. Makato yamenimaliza, mikopo ndo usiseme, daraja nimesubiri mpaka nimechoka. Siku hizi nachapa sana alafu nikirudi nyumbani najisikia vibaya. Hivi nimepoteza wito au sikuwahi kuwa nao? Niombe kuhamia ofisini halmashauri au niache kabisa?"

Marahaba mdogo wangu, pole na majukumu. Meseji yako niliisoma usiku nikiwa nimechoka nikasema ntamjibu kesho, nikairudia asubuhi na chai ndo nikaona kitu, kwamba umenipa matatizo matatu tofauti ukayafunga kwenye furushi moja ukaliita wito. Kuna la hela, kuna la darasa kimya, na kuna la fimbo. Ukiyabeba pamoja hivyo huwezi kutatua hata moja maana kila ukishika la hela unajiambia mwenye wito hawazi hela, na ukishika la darasa unajiambia ningelipwa vizuri ningefundisha vizuri. Tufungue hilo furushi.

Ila kwanza hili neno lenyewe, maana mi nina ugomvi nalo wa miaka mingi. Mhasibu wa halmashauri akicheleweshewa kupanda daraja umewahi kusikia anaambiwa uhasibu ni wito? Anaambiwa subiri bajeti. Mwalimu akiuliza anaambiwa wito, yani neno zuri kabisa limegeuzwa la kunyamazishia watu. Na cha ajabu tunaambiwa hivyo zaidi tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, tukiwa tumeshona vitenge na kusimama juani. Ile tarehe imechaguliwa kwa sababu tarehe 5 Oktoba 1966 kule Paris yalipitishwa mapendekezo ya ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, na ukiyasoma ndani yanaongelea mshahara, likizo, ukubwa wa madarasa, uhuru wa mwalimu kwenye taaluma yake. Siku imewekwa kukumbuka karatasi ya haki, sisi tunapewa mahubiri ya kujitoa.

Alafu watu wanaufanya wito kama alama ya kuzaliwa, kwamba unao au huna. Mi nimefundisha sekondari miaka 17 na sasa niko chuo cha ualimu, kila mwaka naenda kuwakagua wanachuo wangu kwenye BTP, yani mazoezi ya kufundisha mashuleni, nakaa kiti cha nyuma kabisa na fomu yangu, na nakwambia ukweli siwezi kutabiri. Wapo waliokuja chuoni wanasema wanaupenda ualimu tangu wadogo na wakifika darasani wanasoma kitabu kwa sauti dakika 40, na wapo waliokuja kwa sababu alama ziliangukia huku au baba kalazimisha, wiki ya tatu unamkuta kapiga magoti kwenye dawati la nyuma anamwelekeza mtoto mmoja mpaka anasahau kengele. Kwa hiyo lile swali lako la nilikuwa nao au sikuwa nao liache tu, halina jibu na halikusaidii Jumatatu. Hata Nyerere mwenyewe aliacha kazi ya ualimu pale Pugu mwaka 1955 na hakuna aliyemwambia hakuwa na wito.

Haya, hela.

Chukua slipu yako ya mwezi uliopita uiweke mezani. Pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama 2, bodi ya mikopo 15 kama ulisoma kwa mkopo, hapo ni robo nzima ya mshahara wa msingi imeondoka na kodi hatujaigusa, alafu benki nao wanakuja na lao. Kuna utaratibu kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki mkononi, sawa, ila mfumo unaona mkopo wa benki tu, haumuoni yule jamaa wa kausha damu aliyekaa na kadi yako ya ATM na namba yako ya siri, na yeye anakula ile ile theluthi iliyobaki. Sijui kama umefika huko, hukusema, ila umeandika "mikopo ndo usiseme" na mi kwa umri huu mwalimu akiniambia usiseme najua kadi iko kwa mtu. Kama ndo hivyo basi hilo ndo la kwanza, kabla ya mbinu yoyote ya kufundisha. Mtu ambaye mshahara ukiingia wenzake wanacheka yeye anashika tumbo hawezi kuwa na ari, na wala si dhambi. Kaa na mwenza wako au ndugu unayemwamini muandike madeni yote kwenye karatasi moja, lote hata la duka la mangi, na kadi irudi mkononi hata kwa kuuza pikipiki.

La daraja na malimbikizo lifungulie faili lake. Barua zote, slipu, nakala, tarehe uliyoenda na uliyeonana naye. Tenga siku moja ya mwezi ya kulifuatilia, kwa mwakilishi wa chama au kwa afisa utumishi, siku hiyo ukalidai kwa nguvu zako zote, na siku nyingine 29 faili likae kabatini. Mi nimeona walimu wazuri wameliwa na hili, wanaingia nalo darasani kila siku, mtoto anauliza swali la mizani ya milinganyo mwalimu kichwani anajibizana na ofisi ya utumishi. Mtoto wa fomu wani hajachelewesha daraja lako.

Lakini kuna kitu nataka ukijue ili usije ukaweka matumaini yako yote hapo. Indonesia walipitisha sheria mwaka 2005, mwalimu akithibitishwa mshahara wake wa msingi unakuwa mara mbili. Mara mbili! Watafiti wakafuatilia shule 360, wakaangalia baada ya miaka miwili na mitatu, wakakuta walimu wameridhika zaidi na kipato, wamepunguza vibarua vya pembeni, shida za hela zimepungua, yani kila tunachokitaka. Alama za watoto zikabaki pale pale. Sasa usiende kumwambia mtu madam kasema hela si kitu, hela ni haki yako na hao walimu wa Indonesia waliondokewa na mzigo mgongoni, hilo peke yake ni sababu tosha ya kuilipa. Ninachosema ni kwamba hela inaondoa maumivu, ile raha ya kufundisha inatoka mahali pengine na ukisubiri hela ndo iilete utasubiri mpaka ustaafu.

Inatoka wapi? Hapa kwetu kulikuwa na jaribio moja linaitwa KiuFunza, la shirika la Twaweza, mwaka 2013 na 2014, shule za msingi 350 kwenye wilaya 10, darasa la kwanza mpaka la tatu. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya vifaa tu, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu stadi za kusoma na kuhesabu, nyingine zikapewa vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu ili walinganishe. Ruzuku peke yake haikusogeza kitu. Bonasi peke yake ikasuasua. Vyote viwili pamoja watoto wakajifunza na ikaonekana wazi. Wachumi wana maelezo yao ya motisha, mi nina langu, nalo ni la kiti cha nyuma: pale kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuja kumpima mtoto mmoja mmoja na mwalimu akapata jibu, huyu kashika, huyu bado, na vifaa vya kufundishia anavyo. Sisi wengine tunafundisha miaka bila jibu.

Hebu fikiria. Fundi ujenzi akimaliza siku anaona ukuta umepanda kozi tano. Mama ntilie anaona sufuria tupu na sahani zimerudi safi. Fundi cherehani anamuona mteja anajigeuza kwenye kioo. Mwalimu wa fomu wani anaongea dakika 40, anafuta ubao, ile kazi imefutika na vumbi la chaki, mtihani wa taifa utakuja Novemba ya mwaka wa pili na wa kumaliza baada ya miaka minne, na matokeo yakija yanakuja kama orodha ya zero ambayo afisa elimu anaisoma kikaoni kwa kukufokea. Nani ataipenda kazi ambayo haioni? Mi nadhani we hujapoteza wito, umefanya kazi miaka tisa gizani. Ari inakufa kwa kutoona, na inarudi kwa kuona. Hilo ndo jibu langu kwako na yanayofuata yote ni namna ya kuona.

Tuje kwenye darasa kimya maana hapo ndo penyewe.

Umesema hawataki kusoma. Mi nilisema hivyo hivyo mwaka wangu wa saba kazini. Nilikuwa nafundisha Kemia na Fizikia shule ya kutwa, watoto wengi, nikawa nimefika hatua naandika notsi ubaoni, nakaa, wananakili, kengele, natoka. Siku moja nilikuwa kwenye mada ya kutu. Nikamnyanyua kijana wa dawati la nyuma, mrefu, shati limekatwa kola, nikamuuliza rasting ni nini. Akaitema ile maana kwa Kiingereza neno kwa neno, chuma, oksijeni, maji, hakukosea hata herufi. Nikafurahi, alafu sijui nini kilinisukuma nikamuuliza kwa Kiswahili, haya niambie ulishawahi kuiona wapi? Kimya. Akaangalia chini. Nikaangalia darasa zima, kimya kile kile chako. Nikanyoosha kidole dirishani, zile nondo za dirisha letu zilikuwa nyekundu zinamomonyoka, nikasema hii je? Akasema hiyo kutu madam. Nikamwambia sasa si ndo rasting yenyewe.

Mdogo wangu, lile darasa lililipuka. Kutu?! Kumbe kutu! Mmoja akasema bati la jikoni kwetu, mwingine jembe la babu, mwingine mnyororo wa baiskeli, msichana mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake akasema mbona baba anaupaka oili chafu haushiki? Na hilo ndo somo zima limekuja lenyewe, oili inazuia hewa na maji visikifikie chuma, tukaenda kwenye rangi, tukaenda kwenye mabati yaliyopakwa zinki, mpaka swali la kwa nini mabati ya kanisa ya pwani yanaoza haraka kuliko ya bara, ikabidi niongelee chumvi ambayo haikuwepo kwenye andalio langu la somo. Kengele ilipiga hawajatoka. Mi nilirudi stafu nikakaa nikajiuliza hawa ndo nilikuwa nawaita vichwa vigumu?

Wale watoto walikuwa wanaijua kutu kuliko mimi, walichokuwa hawajui ni kwamba naongelea kutu. Sasa rudi kwenye mkondo wako wa B. Watoto 94 wametoka shule za msingi za serikali, miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, wamesoma mmeng'enyo wa chakula, wamesoma usanisinuru, wamesoma mfumo wa upumuaji, sehemu kubwa ya Baiolojia yako wanayo kichwani, ila imehifadhiwa kwa jina lingine. Unaingia na daijesheni na fotosinthesisi wanakutazama. Ule si ubishi, ni mtu aliyesimama stendi anasikia wanatangaza basi lake kwa lugha asiyoijua. Na we kila ukiuona ule utazamaji unausoma kama kukataliwa, karibu siku 200 kwa mwaka, miaka tisa, lazima moyo ufe, ungekufa hata wa mtume.

Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza na mtihani unakuja kwa Kiingereza, sikwambii uvunje utaratibu. Nakwambia dakika saba za mwanzo wa mada waulize wanaijua kama nini, waongee wao kwa wao kwa lugha wanayoiweza, alafu uwavushe. Kona ya ubao weka maneno kumi, Kiswahili kushoto Kiingereza kulia, yakae wiki nzima yasifutwe, monita awe mlinzi wake. Wanaongea kwa Kiswahili wanaandika kwa Kiingereza, mwanzo sentensi moja, baadaye mbili. Utapoteza muda wiki tatu za mwanzo na mwalimu wa taaluma atakuuliza mbona azimio la kazi limechelewa, mwambie ukweli. Utaurudisha baadaye maana hutarudia mada moja mara nne.

Alafu kuna hili la karatasi, ni dogo sana ila ndo lililoniokoa. Chukua pepa za testi za zamani upande usioandikwa kitu, kata robo robo. Dakika nne za mwisho gawa, usigawe darasa zima, utakufa na kusahihisha, gawa mstari mmoja wa madawati tu, kesho mstari mwingine. Waandike kitu kimoja walichoelewa leo na kimoja kilichowachanganya, kwa lugha yoyote, bila jina kama hawataki. Karatasi kumi na tano, unazisoma ukisubiri boda. Mwanzo utaumia, nakuonya, wiki ya kwanza mi nilisoma "sijaelewa chochote madam samahani" nikataka kulia barabarani. Ila wiki ya pili utaanza kupata moja, mbili, za mtoto aliyeshika kitu, na kesho yake unaingia unajua uanzie wapi badala ya kubahatisha. Ziweke kwenye bahasha usizitupe. Siku ya kikao cha kufokewa matokeo zifungue.

Majina pia. Najua 94 ni wengi, mtu asikwambie ni rahisi. Matano kwa siku, siku 19 umemaliza B, nenda A. Usiwaite we wa nyuma, we mwenye sweta. Kuna kitu kinatokea ukimuita mtoto jina lake, hata ukiwa unamkemea, yeye anashtuka na we unashtuka.

Na hapo ndo nagusa la fimbo, nimelichelewesha kwa makusudi ili usinikimbie. Umekuwa mkweli, nakupongeza, walimu wengi hawasemi. Kanuni unazijua, kiboko kinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo kinachotokea darasani kwako kwa hasira kiko nje ya kanuni na siku kikileta jeraha utabaki peke yako, hakuna hedi wala chama kitakachosimama na wewe. Lakini achana na kanuni kwanza. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeusoma huu uchovu wa kazi tangu miaka ya 70, aliugawa sehemu tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuanza kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na kujiona hufanikishi chochote. Rudia kuisoma meseji yako utaziona zote tatu. Kulipa deni, ndo ya kwanza. "Hawa watoto", ndo ya pili, na fimbo inatokea hapo hapo, maana huwezi kumchapa kwa hasira mtoto ambaye jana umesoma karatasi yake inasema samahani madam. Sijui niliwahi kuwa na wito, ndo ya tatu. Fimbo yako nimeichukulia kama kipimajoto, inaonyesha homa. Ile kujisikia vibaya ukirudi nyumbani ndo kunanipa matumaini, wale waliokwisha kabisa hawajisikii kitu wanakula ugali wao wanalala.

Kwa hiyo fimbo iache stafu. Usiseme utapunguza, iache isiingie darasani kabisa kwa mwezi mmoja, ukiona hasira inapanda toka nje simama mlangoni uhesabu madirisha ya jengo la pili, watoto watafikiri unamtafuta mtu. Na kama usiku hulali, au umeanza kuimalizia kwenye chupa, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, hapo si suala la ualimu tena, nenda hospitali ya wilaya ukaongee na daktari kama unavyoenda na malaria. Nasema kwa uzito kabisa.

Usifanye haya peke yako. Stafu zetu unazijua, ukiingia na furaha unaulizwa umepewa nini, maongezi ni kikokotoo cha pensheni na nani kahamia wapi. Sisemi uwakimbie, wale ni wenzako na wanaumwa unachoumwa. Tafuta mmoja tu, wa Fizikia au wa Kiingereza, mkubaliane kila wiki aje akae nyuma kipindi kimoja na wewe uende kwake, asije na fomu ya uthibiti ubora, aje na swali moja tu, leo watoto wangapi wameongea? Hiyo ndo ilitakiwa kuwa MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, zile jumuiya za ujifunzaji ambazo shule nyingi zimekuwa za kusaini daftari na kunywa soda. Nyie wawili mnaweza kuifanya kweli bila soda.

Na jihadhari na hadithi za mashujaa. Peter Tabichi wa Kenya alishinda ile tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka 2019, dola milioni moja, alikuwa anafundisha shule ya kijijini huko Njoro na kutoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wanafunzi. Namvulia kofia kabisa. Lakini yule ni bruda wa Kifransisko, hana ada za watoto wala baba mkwe anayepiga simu kila mwisho wa mwezi. Kila hiyo hadithi ikizunguka kwenye magrupu kuna mwalimu kama wewe anaisoma na kujiona takataka. Kilichonivutia mimi kwake wala si asilimia 80, ni ile klabu yake ya sayansi, watoto wanatengeneza vitu wanapeleka mashindanoni. Yani kaona kazi yake. Hilo unaliweza na mshahara wako ukaubaki nao.

Sasa lile la mwisho, uhame au uache. Kuacha si usaliti, nimeshasema hata waliokuwa wakubwa waliacha. Ila usiamue ukiwa na homa. Utafiti mmoja wa mwaka 2014 kwenye shule zetu za msingi uliwakuta walimu wengi wapo shuleni ila karibu nusu hawapo darasani, wako stafu, wako chini ya mwembe. We pamoja na yote unaingia. Unaingia kama anayelipa deni, ila unaingia, na mtu anayeingia ana kitu cha kufanyia kazi. Jipe mihula miwili. Muhula wa kwanza rudisha kadi yako na fungua faili, na darasani shika mkondo mmoja tu na kipindi kimoja kwa wiki ambacho utakiandaa kama unakuja kukaguliwa, vingine viende vinavyoenda. Muhula wa pili ongeza. Ukifika Desemba bahasha yako ya karatasi haikuambii kitu na tumbo bado linauma Jumapili jioni, andika barua ya kuhama na mi ntakusaidia kuipanga, na utaondoka ukijua unachoacha. Halmashauri nako, nikwambie tu, kuna mafaili, na mafaili hayashtuki ukiyaita jina.

Ratiba yako sikuiona, ila kama Jumatatu una B anza na B kwa sababu wao ni 94 na ndo wanaokuogopesha zaidi, A itafuata. Maneno kumi ya kona ya ubao yaandike leo usiku. Mada gani mnaanza wiki hii? Nitumie, ntakuongezea yale ambayo mtoto tayari anayajua nyumbani, ya Kemia ninayo mengi mno, ya Baiolojia itabidi nimuulize mwenzangu hapa chuoni.